Tiketi za Simu Tunazo, Hesabu ya Roho Iko Wapi?



Tangu mwaka 2023 suala la bandari limekuwa halizungumziki bila ya watu kugombana. Juni ya mwaka ule Bunge la Muungano liliridhia makubaliano na Dubai, Oktoba DP World ikatia saini mikataba ya bandari ya Dar es Salaam, na baina ya hayo mawili, mwezi wa Septemba, kazi za makontena za Malindi kwetu Unguja zikakabidhiwa kampuni tanzu ya Africa Global Logistics. Tukagombana kuhusu nani kapewa, kwa miaka mingapi, nani kaula na nani kauzwa. Katika ugomvi huo nami nina upande wangu, lakini leo siuendei. Nataka kuuliza kuhusu neno moja ambalo pande zote mbili zilikuwa zikilitumia kama vile kila mtu keshalifahamu: teknolojia. Waliotetea walisema wawekezaji watatuletea mifumo ya kisasa. Waliopinga walisema mifumo hiyo tungeweza kuiweka wenyewe. Sikumsikia aliyesimama akatueleza kwamba mfumo ukishawekwa utamfaa nani, na kwa lipi khasa.

Mimi ni nesi, si mtaalamu wa bandari. Lakini natoka visiwani, na mtu wa visiwani anaijua bandari kama mtu wa bara anavyoijua stendi ya mabasi. Halafu kazi yangu hapa kusini mwa Uingereza, ukiivua gwanda lake, ni kazi ya kuhesabu watu: nani yuko kitanda kipi, nani kaletwa usiku, nani kateremshwa chumba cha upasuaji na bado hajarudi. Kwa hivyo mnivumilie nikiitazama bandari kwa jicho hilo.

Wataalamu wakieleza faida za kompyuta bandarini hutaja tiketi za simu, kamera zinazosoma namba za magari, hati za forodha zisizohitaji karatasi, na meli kupangiwa saa ya kufunga gati ili isije mapema ikakaa nangani inachoma mafuta bure. Yote hayo ni kweli na yana pesa ndani yake. Lakini bandari ambayo shehena yake kubwa ni binaadamu, thamani ya mwanzo ya kompyuta ni kitu kimoja: idadi ya kweli ya waliomo chomboni, iliyobaki nchi kavu kabla ya kamba kufunguliwa. Hiyo ikikosekana, hayo mengine ni mapambo.

Tuanze na ziwa. MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996 ikielekea Mwanza, orodha ya abiria ilikuwepo kwa daraja la kwanza na la pili tu, na peke yake ilikuwa na watu 443, wakati chombo kizima kilikuwa na ruhusa ya kuchukua 430. Daraja la tatu halikuwa na orodha kabisa. Yaani maskini hakuandikwa. Idadi rasmi ya waliokufa ikawa 894. Huko Mtongwe, Mombasa, miaka miwili kabla, pantoni iliyojaa kupita kiasi ilipinduka na watu 272 wakafa hatua chache kutoka ufukweni.

Halafu tuje kwetu, na hapa naomba radhi kwa wale ambao jeraha lao bado bichi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Ilikuwa na ruhusa ya abiria 645. Siku za mwanzo tuliambiwa waliokuwemo ni mia sita, halafu mia nane. Tume iliporipoti Januari 2012, ikafahamika kwamba chombo kilibeba zaidi ya watu elfu mbili. Maiti zilizopatikana zilikuwa takriban 200, na waliokufa na kupotea jumla yao, kwa hesabu ya tume, ni zaidi ya 1,500. Tizameni masafa yaliyopo baina ya mia sita na elfu mbili na zaidi. Hayo si makosa ya karani aliyeruka mstari. Huo ni umati mzima wa watu ambao dola iliwajua kwa sababu tu jamaa zao walijitokeza kusema, "Na wetu naye hajarudi."

Haikutimia hata miezi kumi na moja. Tarehe 18 Julai 2012 MV Skagit, ikitoka Dar es Salaam kuja Unguja, ikazama karibu na Chumbe. Chombo hicho kiliundwa Marekani mwaka 1989 na kilikuwa kikivusha watu huko jimbo la Washington, kwenye maji yaliyokingwa na nchi kavu pande zote. Idadi iliyotangazwa mwanzo ilikuwa watu 290. Na mara nyengine tena tukaanza ile kazi ya kusubiri majina kwa simu, mtu yuko Muscat, mwengine Toronto, mwengine Leicester, kila mmoja anampigia mwenzake kumuuliza kama kasikia lolote.

Sasa jee, tulikosa nini? Tulikosa kompyuta? Mwaka 2011 kompyuta zilikuwepo, simu zilikuwepo, na hata daftari na kalamu vingetosha. Mtu yeyote aliyewahi kusafiri siku za msongamano anaijua sababu. Abiria ambaye jina lake halimo katika orodha, nauli yake nayo haimo katika vitabu. Inaishia mkononi mwa aliyempandisha. Kila kichwa kilichozidi juu ya ile 645 kilikuwa ni pesa ya mtu, na pesa ile isingeonekana popote, si kwa mwenye chombo, si bandarini, si kwa mtoza kodi. Kwa hivyo orodha ya uongo haikuwa uzembe peke yake. Ilikuwa ni biashara, na biashara ile ilikuwa na wabia wengi.

Ndio maana siwaamini wanaosema tukishanunua mfumo mambo yatakaa sawa. Kumbukeni MV Nyerere, pantoni ya Ukara huko Ziwa Victoria. Tarehe 20 Septemba 2018 ilipinduka ikikaribia gati. Ruhusa yake ilikuwa watu 101, na waliokufa peke yao ni 228. Maofisa wakaeleza kwamba idadi halisi ya waliopanda ni ngumu kuijua kwa sababu wafanyakazi na vifaa vimezama pamoja na chombo. Nililisoma hilo mara mbili. Vifaa vilikuwemo ndani ya chombo! Ni sawa na wodi kuliweka faili la mgonjwa ndani ya mfuko wa mgonjwa mwenyewe, akipotea yeye na faili linapotea. Kifaa cha kisasa kikikaa chomboni ni karatasi ya bei ghali tu. Thamani inaanza pale idadi inapokuwa imeshatumwa nchi kavu, kwa mtu asiyelipwa na mwenye chombo, naye awe na uwezo wa kusema chombo hichi hakiondoki.

Wala tusidhani Wazungu walizaliwa wanayajua haya. Walifundishwa na maji kama sisi. Tarehe 6 Machi 1987 boti ya Herald of Free Enterprise ilitoka Zeebrugge, Ubelgiji, kurudi Dover na milango yake ya mbele iko wazi. Ikapinduka mara tu baada ya kutoka bandarini, watu 193 wakafa. Nahodha hakuwa na njia ya kujua kama milango imefungwa. Kabla ya ajali manahodha wa kampuni waliomba iwekwe taa ya kuonesha hali ya milango, taa ndogo tu, na ofisini wakakataliwa, mmoja wa wakubwa akalifanya ombi lile mzaha. Halafu tarehe 28 Septemba 1994 Estonia ikazama Baltiki ikienda Stockholm, watu 852 wakafa. Baada ya hapo, mwaka 1998, Umoja wa Ulaya, na Uingereza ikiwemo wakati ule, ukapitisha sheria: kila chombo cha abiria kihesabu watu wake kabla ya kuondoka, kisiondoke kama idadi imepita ruhusa, na kwa safari inayozidi maili 20 za baharini yaandikwe majina, umri, na khabari za anayehitaji msaada maalumu ikitokea dharura. Sheria ikarekebishwa mwaka 2017 ili taarifa ziingizwe kwenye mfumo wa kompyuta wa nchi katika dakika 15 tangu chombo kuondoka, ambako waokoaji wanaweza kuzifikia mara moja. Dakika kumi na tano. Dar na Unguja zimeachana maili 40 hivi, kwa hivyo kwa kipimo chao safari yetu inastahili orodha kamili ya majina, tena mara mbili.

Hilo la "anayehitaji msaada maalumu" ndilo lililonigusa mimi kwa kazi yangu. Boti zetu ndizo gari za wagonjwa za visiwa. Mgonjwa wa Pemba aliyepewa rufaa kuja Mnazi Mmoja, na wa Unguja anayekwenda Muhimbili, wengi wao hupita bandarini kama abiria wa kawaida, kakamatwa mkono na mwanawe, bahasha ya picha za eksirei chini ya kwapa. Mwenye presha, mama wa mimba ya miezi minane, mtu aliyetoka kupasuliwa wiki iliyopita. Chombo kikipata tatizo, nani anajua kwamba kiti kile kakaa mtu asiyeweza kusimama? Na mtoto wa mapajani jee? Mara ya mwisho niliyokwenda nyumbani nilisafiri na mdogo wangu na mwanawe wa miezi saba. Tiketi yangu ilikuwa na jina, yake ilikuwa na jina, na mtoto hakuwa na kitu kwa sababu halipiwi. Nilimuuliza karani, akanijibu kwa upole kabisa, "Huyo si abiria, dada, huyo yuko kwa mama yake." Mtu mzuri, simlaumu. Lakini jibu lake lilinieleza kila kitu kuhusu mfumo: umeundwa kuhesabu nauli, na asiye na nauli hayumo.

Hospitali nayo inaihitaji hesabu hiyo. Ajali kubwa ikitokea, miongoni mwa mambo ya mwanzo tunayouliza ni wangapi. Idadi hiyo ndiyo inayoamua waitwe madaktari wangapi waliokwenda kulala, zitolewe chupa ngapi za damu, vitanda vingapi viwachiwe. Ukiambiwa mia sita na kumbe ni elfu mbili, utajitayarisha kwa msiba usio wako. Na baada ya waliookolewa, wanakuja wale wasioonekana. Wenzangu wanaume wakiandika kuhusu Spice Islander huandika kuhusu tume na mashtaka. Mimi nawafikiria wale wajane. Mwanamke mumewe kaaga anakwenda Pemba, maiti haikupatikana, na jina halimo kwenye karatasi yoyote. Akae eda au asubiri? Mirathi igawiwe au izuiliwe? Mdai aliyekuwa akimdai marehemu amuendee nani? Yote hayo yanataka ushahidi kwamba mtu alipanda chombo kile, na ushahidi huo ungeweza kuwa mstari mmoja katika kompyuta iliyoko nchi kavu. Hiyo nayo ni thamani, ingawa sijaiona katika hotuba ya bajeti yoyote.

Sasa nije kwenye mizigo, maana wapo watakaosema nesi huyu anajua maiti tu.

Ukitaka kuelewa kompyuta inaifanyia nini bandari ya boti za mizigo, itazame Dover. Imebanwa baina ya majabali meupe na bahari, haina pa kutanukia. Malori yanafika usiku na mchana, yanapanda boti na kuteremka Calais baada ya kama dakika 90. Uingereza ilipotoka Ulaya, kila lori likahitaji karatasi za forodha, na kila mtu akajiuliza malori haya yatasimama wapi kusubiri kukaguliwa. Wafaransa wakafanya jambo la akili. Tangu Januari 2021 hati za forodha za mzigo zinaunganishwa na namba ya lori kabla halijapanda boti. Lori likiwa njiani baharini, kompyuta inaamua, na kabla ya kuteremka dereva anajua kama rangi yake ni ya kijani aende zake, au ya machungwa aingie kukaguliwa. Ule muda wa baharini, ambao zamani dereva alikuwa akinywa chai tu, umegeuzwa kuwa afisi ya forodha.

Mnaiona Malindi hapo? Nayo imebanwa, upande mmoja Mji Mkongwe ambao UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia mwaka 2000 na hauvunjwi, upande wa pili bahari. Bandari isiyokuwa na ardhi hujinunulia nafasi kwa khabari. Ukijua mapema kinachokuja, ni cha nani, kimelipiwa nini na gari gani itakichukua, huhitaji kiwanja kikubwa cha kukirundika. Usipojua, unakirundika, na kila siku kinapolala kinatozwa. Tunakumbuka meli za makontena zilivyokuwa zikikaa nangani wiki nzima nzima zikisubiri gati Malindi kabla ya mabadiliko ya 2023. Gharama ile haikulipwa na mwenye meli. Ililipwa na mama anayenunua unga na mafuta Darajani, katika kisiwa ambacho sehemu kubwa ya chakula chake inaletwa kwa chombo.

Na lipo hili la ushuru mara mbili, kero ya Muungano ambayo imezeeka kuliko baadhi yetu. Mtu ananunua bidhaa Unguja iliyokwishalipiwa forodha, anateremka nayo Dar, anaambiwa alipie tofauti. Kila upande unasema thamani iliyoandikwa na mwenzake haikuwa sahihi. Kama hati iliyolipiwa Unguja inasomeka Dar kabla boti haijafika, kwa thamani ile ile na namba ile ile, mabishano yatakuwa yamekwisha au yatakuwa yamevuliwa nguo, tujue kwamba tatizo ni la siasa na wala halikuwa la karatasi. Mimi naamini ni la siasa. Lakini acheni tuviondoe visingizio kimoja kimoja.

Nisisahau dawa. Insulini inatakiwa ikae baina ya nyuzi 2 na 8 za joto, chanjo nyingi vivyo hivyo. Boksi lililokaa juani gatini saa tatu halioneshi alama yoyote kwa nje. Sindano itachomwa, sukari haitoshuka, na daktari atadhani mgonjwa hafuati masharti. Kipo kidude kidogo cha kuwekwa ndani ya boksi kinachoandika joto njia nzima. Anayepokea upande wa pili anakisoma, anajua akubali au akatae. Katika yote niliyoyataja hiki ndicho cha rahisi kuliko vyote.

Wapo watakaoniambia, dada umelewa Uingereza, unadhani kompyuta haziharibiki. Zinaharibika, na nimeziona zikiharibika. Aprili 2022 mfumo wa serikali hapa wa kusajili malori ya mizigo ulikwama siku kadhaa, wakati ambapo foleni za Kent zilikuwa zimeshafika mbali kwa sababu boti za P&O zilikuwa zimesimama. Zilisimama kwa nini? Kwa sababu tarehe 17 Machi mwaka ule P&O iliwafukuza kazi mabaharia 786 kwa video iliyorekodiwa kabla, ili wachukuliwe wengine wa bei rahisi. Hiyo nayo ni teknolojia. Tunaposifu mashine tuikumbuke video ile, khasa tunapowafikiria mahamali na makarani wetu wa Malindi na Mkoani. Mkataba wowote wa kuleta mifumo unaonyamaza kuhusu watu hao ni mkataba ambao umeshaamua juu yao.

Lakini hoja nzito zaidi dhidi yangu si hiyo. Hoja nzito ni ya siasa, na anayeijua historia yetu hawezi kuipuuza. Ukiipa serikali orodha ya kila anayevuka bahari, jina lake na saa yake, umeipa pia daftari la kujua nani wa upinzani kaenda Pemba lini na kafuatana na nani. Na ukisema kila abiria aoneshe kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, vipi yule aliyekinyimwa? Tunajua kitambulisho kile kimekuwa silaha wakati wa kuandikisha wapiga kura, masheha wakiamua nani ni mkaazi na nani si mkaazi. Tukikifanya kiwe ufunguo wa boti, tutakuwa tumempa sheha mamlaka juu ya bahari pia. Na sisi wenye pasi za nje, ambao uraia pacha hatuna, tunajua ladha ya kuwa mgeni kwenye gati la kwenu wenyewe, unalipishwa kama mgeni na huku karani anakujua mtoto wa nani.

Jibu langu ni kwamba orodha ya uokozi na orodha ya upelelezi ni vitu viwili, na sheria inaweza kuvitenganisha. Kule Ulaya sheria ile ile inayolazimisha majina yaandikwe inalazimisha pia yafutwe: safari ikimalizika kwa salama hayana kazi tena, na kwa vyovyote yasipindukie siku 60 tangu chombo kuondoka, isipokuwa ikitokea ajali, hapo yatabaki mpaka uchunguzi ukamilike. Sisi tuweke siku saba, kwangu ni nyingi za kutosha. Na jina lipokelewe kama abiria alivyojitaja, kwa kitambulisho chochote alichonacho, pasi, leseni, kadi ya skuli, kadi ya kliniki. Lengo ni kumjua wa kumtafuta, basi. Hospitalini mgonjwa akija hana karatasi hatumrudishi nje. Tunamfunga bangili mkononi yenye namba, na kuanzia hapo yumo katika hesabu.

Siku hizi boti za mwendo wa kasi za Dar na Unguja unakata tiketi kwa intaneti ukiwa Birmingham, na nyumbani watu wanalipia karibu kila kitu kwa simu. MV Mapinduzi II, iliyoletwa kutoka Korea ya Kusini mwaka 2015, iliundwa kuchukua abiria 1,200. Vyombo vimekuwa bora kuliko vile vya 2011, hilo sikatai, na mwenye kusifiwa asifiwe. Lakini tiketi ya simu inathibitisha kwamba nimelipa. Haithibitishi kwamba nimepanda, wala kwamba aliye kando yangu kahesabiwa, wala kwamba mapantoni ya mwambao, madau na vyombo vya mizigo vinavyopakia watu usiku navyo vina idadi yao mahali popote. Na dunia imeshahama: tangu tarehe 1 Januari 2024 Shirika la Kimataifa la Bahari linazitaka bandari zinazopokea meli za kimataifa zipokee taarifa za meli na shehena kupitia dirisha moja la kompyuta. Hilo litafanywa, kwa sababu wenye meli kubwa wanalitaka. Boti ya Pemba haina mwenye sauti kama hiyo.

Ninachokitaka mimi si kikubwa. Kwenye kila lango la kupandia, Malindi, Mkoani, Wete, Dar na Tanga, kiwekwe kioo kinachosomeka na kila mtu kwa mbali: ruhusa ya chombo ni ngapi, waliopita langoni ni wangapi, watoto wa mapajani wakiwemo. Idadi mbili tu. Idadi hiyo hiyo iende kwa waokoaji wa pande zote mbili na kwa hospitali kuu za pande zote mbili kabla ya kamba kufunguliwa, na lango lijifunge lenyewe ruhusa ikitimia, asiwepo wa kulifungua kwa simu ya mkubwa. Umeme ukikatika, ihesabiwe kwa mkono na itumwe kwa ujumbe wa simu. Kazi hii haihitaji mkataba wa miaka thelathini wala mwekezaji kutoka Dubai au Ufaransa. Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi watakapokaa kujadili bajeti ya bandari, mwenye mwakilishi wake amuulize kuhusu kioo hicho kabla ya kumuuliza kuhusu gati jipya, na amtake jibu lake kwa maandishi.